Kata ya Kusubiri

Kura ilipigwa mchana, kwenye ukumbi mdogo pale Kibondo mjini, mbele ya watendaji wa kata na wachungaji. Vikaratasi nilivikunja mimi. Kila kimoja nilikikunja mara nne na kukibana kwa ukucha ili vyote vilingane, asije mtu akasema kimoja kilikuwa kinene kikakamatika kwa urahisi. Mtendaji mmoja wa kike akafumba macho, akaingiza mkono kwenye kikapu. Kata zilizotoka zingepata mafunzo mwaka ule. Zilizobaki kikapuni zingesubiri.

Kata yetu, upande wa Mabamba, ilibaki kikapuni. Kata ya jirani, ng'ambo ya kijito, ilitoka.

Mafunzo yalikuwa ya familia. Watu wazima wawili wa nyumba moja, mara nyingi mke na mume, walikaa darasani kila Jumatano wakijifunza jinsi ya kuizuia huzuni isigeuke ugonjwa na kuizuia pombe isigeuke bwana wa nyumba. Yalikuwa yamejaribiwa nchi nyingine yakafaa, na waliokuwa wakiyagharamia walitaka kuona kama yangefaa na huku kwetu milimani. Kulijua hilo kulihitaji kulinganisha. Ili uone kwamba dawa imefanya kazi, lazima awepo ambaye hajainywa. Nililielewa hilo wakati ule na bado nalielewa. Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, na ndiyo maana naandika kwa uchungu. Yangekuwa upuuzi, ningekwisha kuyasahau.

Kazi yangu katika mradi ilikuwa kukagua fomu. Wahoji walizunguka vijijini, jioni wakaniletea makaratasi, nami nikatazama kama kila swali limejibiwa na kila kisanduku kimetiwa alama mahali pake. Niliipenda kazi hiyo. Napenda kitu kilichokamilika.

Siku ya kura shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alinisubiri kwenye kibaraza chake akichambua maharage. Nilipomwamkia "Mwakeye" kwa Kiha, alinijibu kwa Kiswahili, na hapo nikajua ameshasikia.

"Mmetunyima."

"Hatukunyimwa, shemeji. Tunasubiri."

"Tunasubiri nini?"

"Waone kwanza kama wale wa ng'ambo watapata nafuu."

"Na sisi wakati huo?"

"Sisi tutalinganishwa nao."

Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Kwa hiyo kazi yetu mwaka huu ni kuumwa vizuri, wapate pa kulinganishia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu, na alikuwa amenieleza tangu mradi ulipoanza kutajwa: mumewe apate nafasi katika darasa lile kabla pombe haijampeleka mbali.

Kaka yangu alikuwa fundi seremala. Msimu wa mvua uliotangulia, binti yake wa darasa la nne alishikwa na homa, na siku ya tatu tukamzika. Jeneza alilitengeneza kaka mwenyewe. Alikataa hata kushikiwa ubao. Hakulia, na watu walimsifu kwa hilo, maana kwetu husemwa kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Yalipojaa tumboni akaanza kuyafuatishia pombe. Mwanzoni alikunywa pombe ya ndizi pamoja na wenzake, kisha gongo, peke yake.

Mhoji alipofika kwake mara ya kwanza, nilikaa mbali, kwa sababu ndugu hahoji ndugu. Lakini kibaraza ni kibaraza, nilisikia yote. Mhoji alikuwa binti mwenye subira, mwenyeji wa Kasulu.

"Kaka, katika wiki mbili zilizopita, umewahi kukosa hamu ya kufanya mambo uliyoyapenda?"

"Hapana."

"Umewahi kukosa usingizi?"

"Hapana."

"Kwa wiki unakunywa glasi ngapi za pombe?"

"Glasi? Humu ndani hamna glasi hata moja. Muulize mama watoto."

Hakudanganya. Huku kwetu chungu kinawekwa katikati, kila mmoja anachomeka mrija wake, watu wanavuta huku wanazungumza. Nani amewahi kuhesabu glasi ndani ya mrija? Binti akaandika sifuri.

Na zile "hapana" zilikuwa na asili yake. Babu yetu alivuka kutoka Burundi akiwa na mtoto mgongoni, na uraia wetu tuliupata kwa fomu. Wapo majirani walioukosa kwa fomu hizohizo. Mtu wa mpakani akiona karatasi yenye visanduku, kitu cha kwanza anachojifunza kusema ni kwamba hana tatizo lolote. Nilijua. Jioni nikaikagua fomu ya kaka, hapakuwa na swali lililorukwa, nikatia sahihi. Kwa majibu yale alikuwa mtu anayestahili mafunzo kabisa: mwenye msiba, lakini bado mzima. Akaingizwa kwenye orodha ya kusubiri.

Sasa ije habari ya dada yake shemeji. Huyu aliolewa ng'ambo ya kijito, katika kata iliyotoka kikapuni. Jumatano alikuwa darasani na mumewe. Jumamosi alikuwa upande wetu, kwenye ujima, kwa sababu wanawake wa vijiji vile viwili walilima kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, tangu kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyeufikiria ujima wakati wa kupanga mradi. Ramani ilionyesha kijito, na kijito kilionekana kama mpaka.

Nilipita pale Jumamosi moja nikielekea kwa mhoji mmoja. Walikuwa kama kumi, wameinama kwenye mistari ya maharage, na dada yule alikuwa akifundisha bila kunyanyua mgongo.

"Kila mnywaji ana saa yake," alikuwa akisema. "Si kwamba anataka siku nzima. Kuna saa inamjia. Mwalimu kasema muitafute hiyo saa, mke na mume, mkiijua muitilie kazi ndani yake. Kazi ya wawili, si ya kumtuma."

"Wa kwangu saa yake ni kuanzia kunapokucha," akasema mmoja. "Nitamtilia kazi gani, ya kulala?"

"Wewe wako mpe ya kukubeba," akajibiwa, "utaona atakavyopona mbio."

Wakacheka mpaka majembe yakasimama. Shemeji yangu hakucheka na wenzake. Alikuwa ameegemea mpini wa jembe, anatazama mbele, na mdomo wake ulikuwa ukienda kidogo kama mtu anayehesabu.

Jumatatu akanieleza. Saa ya kaka ilikuwa ile watoto wanapotoka shule. Walipita barabarani mbele ya karakana yake, na sare zao, na kelele zao, yeye akaweka randa chini, akafunga mlango, akaenda. Kila siku. Kumbe wote tulikuwa tunaona na hatukuwa tumetazama. Basi shemeji akaanzisha kitalu cha kabichi kule bondeni kwenye maji, mbali na barabara. Watoto walipokaribia kutoka shule alimfuata karakana na ndoo mbili. "Tukamwagilie." Siku ya kwanza alimtukana. Siku ya pili alienda ili amnyamazishe. Baada ya wiki alikuwa anasimama mwenyewe na kumuuliza, "Ndoo ziko wapi?"

Wiki ya nne nilimkuta kaka kule kitaluni amekunja suruali, anafunika miche kwa majani ya migomba. Akaniambia bila kunitazama, "Mdogo wangu, jana nimelia. Hapa hapa. Huyu mama akaniacha nilie, akaendelea kumwagilia." Kisha akanitania kwamba viatu vyangu vya ofisini vitaoza kwenye tope.

Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sijawahi kuipata katika kazi ile. Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, niliiandika.

Taarifa ya mwezi ilikuwa na swali karibu na mwisho: je, kuna mtu katika kata ya kusubiri aliyepata sehemu yoyote ya mafunzo? Miezi yote nilikuwa nikiweka alama ya "hapana". Mwezi ule niliweka "ndiyo", na pale penye nafasi ya maelezo nikaeleza habari ya ujima na ya saa ya kaka. Niliandika vizuri, mistari kumi na kitu. Naapa nilidhani naleta habari njema. Nilidhani watasema: tazama, mafunzo haya yana nguvu kiasi kwamba yanavuka maji kwa mdomo wa wanawake wanaolima.

Msimamizi wetu alikuja kutoka Kasulu siku ya Alhamisi. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akanishika bega.

"Umefanya kazi nzuri sana kugundua. Wengine wangeficha. Kata za kusubiri zikianza kujifunza, mwisho wa mwaka hatutaona tofauti. Tusipoona tofauti watasema mafunzo hayafai, na hakuna kata nyingine itakayoyapata. Unaona?"

Niliona. Hoja yake ilikuwa sawa. Nimeirudia kichwani miaka hii kutafuta palipooza, sijapaona.

Tulikwenda pamoja kwa dada yake shemeji. Alitukaribisha kwa ndizi za kuchoma. Msimamizi akamweleza taratibu, kisha akatoa karatasi. Ilisema mshiriki hatamfundisha mtu yeyote wa kata ya kusubiri mpaka utafiti uishe.

"Nisimwambie mdogo wangu?" akauliza.

"Kwa muda tu, mama. Si siri, ni utaratibu."

"Siri ndiyo ikoje basi?"

Msimamizi akatabasamu. Mama akanigeukia mimi. "Na Jumapili mchungaji akihubiri, nikija kwa mdogo wangu nimwambie kahubiri nini, au nako kuna karatasi?"

Aliweka dole gumba, kwa sababu yalikuwa ni mambo ya ofisi na yeye ni mtu wa mpakani. Nami nilisaini chini yake kama shahidi, na chini yangu ilikuwepo sentensi nyingine, kwamba watumishi wa mradi nao hawatatoa mafunzo nje ya utaratibu.

Kuna jambo moja nililolijua siku ile na shemeji hakulijua. Jana yake, Jumatano, darasa la ng'ambo lilikuwa limefika somo linalofuata, nalo lilihusu kuteleza. Lilieleza kwamba karibu kila anayeacha atanywa tena siku moja, na siku hiyo si mwisho wa safari. Kesho yake mrudi kwenye ile ile saa na ile ile kazi kama hakijatokea kitu, na mke asihesabu kwamba ameshindwa. Dada alikuwa amelisoma. Angelileta Jumamosi kwenye maharage. Alhamisi tukamfunga mdomo.

Jumamosi ile, nilivyosikia baadaye, alilima hadi mwisho wa mstari bila neno. Walipomchokoza alisema anaumwa koo.

Haukupita mwezi, binamu yetu akapokea mahari ya binti yake. Chungu kikawekwa katikati. Kaka alikaa pembeni mpaka mzee wa nyumba alipomnyooshea mrija kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu, kuukataa mrija wa namna hiyo ni kutangaza ugomvi na nyumba ile. Kaka akavuta. Akavuta mpaka jua likashuka.

Kesho yake hakwenda kitaluni. Nilipomuuliza alisema, "Imeshaharibika." Nikamtazama shemeji, nikidhani atabeba ndoo. Alikuwa amekaa na mikono yake magotini. "Nilidhani pombe imemtoka kabisa," aliniambia. "Kumbe ilikuwa inanidanganya." Wote wawili waliamini kwamba dawa ilikuwa moja na imeshindwa. Kabichi zilikauka ndani ya wiki mbili.

Wiki hizo mbili nilikula kwao mara tatu, ugali wa muhogo na maharage, na mkoba wangu ukiwa kando ya mguu. Ndani ya mkoba kulikuwa na mwongozo wa mafunzo, wenye somo la kuteleza, kurasa zisizozidi nne. Ningeweza kulisema lote kabla sahani haijapoa. Nilikuwa nimetia sahihi. Watu huniuliza kama niliogopa kufukuzwa kazi. Ningefurahi kama ningekuwa nimeogopa, maana hofu ni kitu cha kibinadamu. Mimi niliona tu kwamba si utaratibu.

Mwaka ulipoisha mradi ulituita Kasulu kusikiliza matokeo. Tulipewa soda, ukumbi ulifungwa mapazia, na mtaalamu akaonyesha picha ukutani: mistari miwili ya huzuni na ulevi, mmoja wa kata zilizofundishwa, mwingine wa kata zilizosubiri. Ilianza pamoja, kisha ikaachana. Wa mafunzo ulishuka. Wa kwetu ulipanda.

"Tofauti ni kubwa," mtaalamu akasema, na watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Tofauti ile ilikuwa kweli. Ilikuwa imetengenezwa na nyumba nyingi ambazo sizijui na moja ninayoijua. Kama wangelilipata somo lile kwenye maharage, mstari wetu ungeshuka kidogo, na makofi yangepungua kidogo.

Kisha akatangaza lile nililolisubiri: kwa kuwa mafunzo yamethibitika, kata za kusubiri nazo zitafundishwa. Nilimpigia shemeji simu nikiwa bado mlangoni pa ukumbi. Akasema, "Nimfulie shati."

Kabla ya darasa kila mmoja alihojiwa upya. Alikuja binti yule yule, na fomu ile ile. Kaka alikuwa ameacha kazi. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba hata kalamu ya kuchorea mbao haikukaa. Shemeji alikuwa amemwandaa asubuhi nzima: sema hapana, sema kidogo tu, kama mara ya kwanza.

"Umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda?" binti akauliza.

Kaka akatazama ua. "Dada," akasema, "mara ya kwanza nilikudanganya. Nimechoka. Leo andika."

Akamwambia yote. Asubuhi hawezi kusimama bila gongo. Siku nyingine hazikumbuki. Amewahi kutazama kamba ya ng'ombe na kuipima kwa macho. Shemeji alisimama nyuma yake anamkonyeza binti, kisha ananikonyeza mimi, kisha akaacha.

Jioni fomu ililetwa kwangu. Nilijumlisha alama mara mbili. Zilipita kikomo. Wenye alama zile hawakuruhusiwa darasani, kwa sababu mafunzo yalikuwa ya kinga, na yeye sasa alihitaji tiba. Alipewa barua ya rufaa kwenda hospitali Kigoma. Mwongozo ulisema hivyo, na hata hilo lilikuwa sahihi, kwa maana darasa lisingemtosha tena. Barua ile aliisoma, akaiweka kwenye sanduku la patasi, na huko iko.

"Mwaka mzima," shemeji aliniambia. "Alipokuwa mzima mlisema asubiri. Sasa mnasema amechelewa. Alichelewa wapi, shemeji? Hakutoka hapa."

Lakini nafasi ya nyumba yao ilikuwepo, na kanuni ilitaka watu wazima wawili wa familia. Shemeji akanipeleka mimi. Mbele ya watu, mwalimu alipouliza mwenzake ni nani, akasema, "Huyu. Ni mume wangu wa karatasi." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akaniona uso, akaacha.

Tulikaa dawati moja kila Jumatano. Somo la saa alilisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesimuliwa habari za kijiji chake. Jumatano iliyofuata mwalimu aliandika ubaoni: kuteleza. Akaeleza. Kwamba hiyo siku itakuja. Kwamba ikija, kesho yake mrudi palepale, na ile ile kazi. Akatoa mfano wa mtu aliyekunywa kwenye sherehe kwa sababu alishindwa kukataa mrija.

Shemeji hakusogea. Mwalimu alipowapa watu muda wa kujadiliana wawili wawili, aliniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, kwa namna anavyouliza bei ya chumvi:

"Hili dada yangu alikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo."

"Tangu lini?"

"Siku moja kabla hatujamfunga mdomo kwa karatasi, baada ya mimi kuandika habari ya ujima penye maelezo ya taarifa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nalo kwenye mkoba."

Aliinamisha kichwa akaangalia mikono yake juu ya dawati, yenye nyufa za tope la shamba. Pande zote watu walikuwa wakijadiliana, wanacheka, mmoja anamwambia mumewe hata asingoje kesho, akirudi usiku amkute na jembe mlangoni. Mwalimu akapita akigawa fomu ya mwisho wa somo, ile ya kuuliza somo limekusaidia kiasi gani: halikunisaidia, limenisaidia kidogo, limenisaidia sana. Shemeji hasomi vizuri. Akanisukumia fomu yake na kalamu.

"Weka limenisaidia sana," akasema.

Nikamtazama.

"Weka. Ukiweka vingine watalifunga darasa, na kuna wenzangu ambao waume zao bado wanasimama." Akasubiri mpaka nikaweka alama. "Hapo penye maelezo usiandike kitu. Wewe ukipewa nafasi ya maelezo unaua watu."

Nikapaacha patupu. Ni fomu ya kwanza niliyowahi kuipeleka ikiwa haijakamilika. Shemeji akafunga khanga yake, akatoka kabla ya sala ya kufunga, akishika njia ya nyumbani kwa sababu watoto wa shule walikuwa wanakaribia kutoka.